Shavu la Besi

Chai ndiyo iliyotoa habari. Bi Kinanda alipiga funda la kwanza la asubuhi, na nusu yake ikarudi mezani kupitia pembe ya kushoto ya mdomo. Alipangusa meza, akanywa tena, na chai ikarudi tena. Mama mkwe wake, aliyekaa upande wa pili akimenya yai, alimtazama kwa makini. Kisha akaliweka yai chini.

"Mkwe wangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, mama." Neno "mama" lilitoka limebonyea, kama lililokaliwa na mtu.

"Basi mbona unanibeza? Mdomo umeubinua, jicho umenikodolea. Kama yai ulikuwa unalitaka, sema. Hatugombani kwa yai."

Bi Kinanda alicheka ili kumtuliza, na hapo ndipo alipoharibu kabisa. Kicheko kilipanda shavu la kulia na kuliacha la kushoto palepale, tuli kama ukuta. Mama mkwe aliinuka akamwita mwanawe.

"Njoo umwone mkeo! Ama amenichoka, ama anaumwa."

Mume alitoka bafuni na povu la sabuni masikioni. Alimtazama mkewe mara moja tu, akaenda kutafuta shati.

Hospitalini daktari alimwambia ainue nyusi, afumbe macho, aonyeshe meno, ajaze mashavu pumzi. Upande wa kulia ulitii kila amri. Upande wa kushoto ulizikataa zote. Alimpima nguvu za mikono na miguu, akamtazama anavyotembea, akaridhika kwamba tatizo halikutoka kwenye ubongo. Neva inayoongoza misuli ya uso, alieleza, ilikuwa imevimba ndani ya njia yake nyembamba ya mfupa, na ujumbe ulikuwa haupiti. Akamwandikia dawa, matone ya kulainisha jicho lisilofumba, na plasta ya kulifunga wakati wa kulala.

"Wengi hupona," daktari alisema. "Baadhi upesi, baadhi polepole."

"Mimi ni wa kundi gani?"

"Hilo, mama, utakuja kuniambia wewe."

Wiki zilipozidi kupita, ilionekana wazi kwamba alikuwa wa kundi la polepole.

Katika idara ya maji, Bi Kinanda alikuwa mkuu wa maabara. Kazi yake ilikuwa kupima maji, na kwa hilo uso haukuhitajika. Chupa za sampuli hazijali anayezishika ametabasamu au amenuna. Jina lake lilitokana na kazi ya pili, ile ya jioni. Yeye ndiye aliyeanzisha kwaya ya wafanyakazi, akaifundisha, na akawa anaiongoza huku akiipigia kinanda, maana hapakuwa na mwingine aliyejua kukipiga. Na kwa kuwa mikono yake yote miwili ilikuwa kazini, aliifundisha kwaya kufuata uso wake.

Lugha hiyo ilijengwa kwa miaka, na wanakwaya waliijua kuliko kanuni za utumishi. Unyusi wa kulia ukipanda, sauti ya kwanza inaingia. Midomo ikichongoka, wote wanapunguza sauti. Macho yakipanuka, wanapandisha. Kichwa kikiinama, wimbo umekwisha. Na shavu la kushoto likiinuka mpaka jicho likafumba nusu, besi wanaingia. Besi walikuwa wanaume wanne waliosimama kushoto kwake: Fundi Bomba, Dereva, Mlinzi na Mpima Mita. Hawakujua noti hata moja. Walijua shavu.

Wimbo wa mashindano ulilitegemea shavu hilo kuliko wimbo mwingine wowote. Bi Kinanda aliutunga mwenyewe kwa ajili ya mashindano ya kwaya za wafanyakazi. Wanawake, kama wateja, wanauliza: "Maji yako wapi?" Kinanda kinazunguka na kuzunguka kwenye sauti zilezile, kinawaacha wasikilizaji wakining'inia, kwa muda ambao Bi Kinanda huuamua papo hapo akisikiliza wanavyopumua. Kisha shavu linainuka, na besi wanajibu kana kwamba wako chini ya ardhi: "Yanakujaaa!"

Katika mazoezi ya kwanza baada ya ugonjwa, wanawake waliuliza maji yako wapi. Kinanda kikazunguka. Bi Kinanda akalivuta shavu kwa nia yake yote. Kinanda kikazunguka tena. Wanaume wanne walimtazama kwa heshima, midomo wazi, kama watu wanaosubiri lifti.

Alisimamisha kinanda. "Mbona hamkuingia?"

"Hatukualikwa, dada," alisema Dereva.

"Nimewaalika mara mbili!"

"Kwa shavu?"

"Kwa moyo."

"Moyo hauonekani kutoka hapa," Mlinzi alisema kwa masikitiko. "Umeuvalisha blauzi."

Walijaribu njia nyingine. Alipowaita besi kwa kichwa, nusu ya kwaya ilidhani wimbo umekwisha, na mama mmoja wa sauti ya pili akaanza kutafuta mkoba wake. Alipowaita kwa bega, mkono ulifuata bega, na kinanda kikatoa sauti ya sufuria iliyoanguka. Wakati huo Meneja alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Aliipenda kwaya kama mtoto wake. Aliingia na huruma usoni na wasiwasi sautini.

"Bi Kinanda, wewe ni mtu wetu. Lakini hebu fikiria. Kwaya ya idara ya maji inasimama mbele ya umati, inauliza maji yako wapi, na hakuna anayejibu! Watatucheka mpaka tustaafu. Swali hilo tunaulizwa kila siku kwenye simu."

"Nipe muda, Meneja."

"Muda nitakupa. Lakini lazima niwe na akiba."

Akiba ilikuwa Karani wa Ankara, kijana mrefu wa sauti ya tatu. Meneja alimsimamisha mbele ya kwaya na rula mkononi, aongoze kwa kuipunga hewani, naye Bi Kinanda apige tu.

"Dada, mimi nafasi yako siitaki," Karani alimnong'oneza. "Nimesukumwa."

"Najua, mdogo wangu. Inua rula yako."

Akainua. Besi waliingia kwa wakati, wengine wakaingia kwa wakati, na wimbo ukaisha kwa wakati. Ulikuwa kama ankara yenyewe: kila mstari sahihi, na hakuna aliyefurahi kuipokea. Hata hivyo Meneja alishusha pumzi. Akatoa uamuzi wake palepale. Atakuja kwenye mazoezi ya mwisho kabla ya mashindano. Bi Kinanda akiweza kuwaingiza besi mwenyewe, kwaya ni yake. Akishindwa, rula itatawala, siku hiyo na baada ya siku hiyo.

"Kupiga bila kuongoza," Bi Kinanda alimwambia mumewe usiku huo, huku mume akimbandika plasta juu ya jicho, "ni kupika bila kuonja."

"Kesho turudi kwa daktari," mume alisema. "Na usinikonyeze, plasta inateleza."

"Sikukonyezi. Ndilo jicho lililobaki."

Daktari aliwaelekeza kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Alikuwa binti mwenye kucha fupi na sauti ya mtu asiyependa kurudia maneno. Chumba chake kilikuwa na kitanda chembamba, kioo kirefu, na mashine nyeupe isiyozidi kisanduku cha viatu. Siku ya kwanza Bi Kinanda alipelekwa na Fundi Bomba, kwa sababu gari la mafundi lilikuwa likipita njia hiyo. Fundi alikaribishwa kwenye kigoda cha pembeni kwa ahadi kwamba atanyamaza.

"Tuelewane kwanza, mama," binti alisema akilifuta shavu la Bi Kinanda kwa pamba yenye maji. "Umeme hauiponyi neva. Neva itarudi yenyewe, kwa mwendo wake. Kazi ya umeme ni kuushughulisha msuli usilegee, na kukukumbusha wewe njia ya kuuita. Mashine italiinua shavu. Inapoliinua, na wewe liinue, kwa nia. Ukiiachia mashine peke yake, tutakuwa tunaifanyisha mazoezi mashine."

"Ni kama kusukuma gari lililozimika," Fundi Bomba alisema. "Wao wanasukuma, wewe unawasha."

"Uliahidi kunyamaza."

"Nimenyamaza."

Binti aliweka kibandiko kimoja mbele ya sikio na kingine juu ya shavu. Waya mbili nyembamba zilitoka kwenye vibandiko hadi kwenye mashine. Alizungusha swichi kidogo.

"Unasikia nini?"

"Sisimizi."

"Wamevaa viatu?"

"Bado."

Akazungusha tena. "Sasa?"

"Sasa wamevaa. Wengine wana buti."

"Inatosha. Tazama kioo, na uvute pamoja nao."

Bi Kinanda alitazama. Shavu la kushoto, lililokuwa limelala kama nguo iliyoanguka kwenye kamba, lilijikusanya. Likapanda. Likasukuma ukope wa chini mpaka jicho likafumba nusu. Kwa muda wa pumzi moja aliuona uso wake mzima, ule wa zamani, na machozi yakaanza kumlengalenga. Hayakupata nafasi ya kushuka. Kutoka kwenye kigoda sauti ilinguruma mpaka kioo kikatikisika.

"Yanakujaaa!"

Muuguzi alifungua mlango. "Nini kinakuja?"

Fundi Bomba alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili. "Samahani sana. Ni shavu. Likiinuka, mimi siwezi kujizuia."

Mashine, ambayo haikujali mazungumzo, ikatuma umeme tena. Shavu likapanda. "Yanakujaaa!" Safari hii wagonjwa waliokaa kwenye mabenchi ya nje waliangua kicheko, na mzee mmoja aliyekuwa akisubiri matibabu ya goti akaitikia kwa mbali: "Yakija mtuamshe!"

Binti alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaacha kucheka, akamtazama Fundi kama mtu aliyeokota kifaa asichokijua bei yake.

"Mko wangapi?"

"Wanne."

"Waje wote. Kioo kinamwonyesha anachofanya, lakini nyinyi mnamjibu. Mtu anayejibiwa hachoki kuita."

Basi wakawa wanakuja. Besi walisimama kando ya kioo, mmoja mmoja au wote kwa pamoja kulingana na zamu zao za kazi, na kila shavu lilipopanda, walijibu. Majirani wa chumba kile walizoea. Bi Kinanda naye alizoea sisimizi, na mara akaanza kuwataka zaidi.

"Ongeza kidogo, mwanangu. Mashindano yanakaribia."

"Siongezi. Msuli ukichoka haujifunzi, unanuna."

"Ninao tayari ulionuna."

"Ndiyo maana sitaki iwe miwili."

Badala ya kuongeza umeme, binti alimpa kifaa kidogo cha kutumia kwenye kwaya. Kilikuwa kisanduku cha kushika mkononi, chenye kitufe kimoja na betri mbili ndogo, za aina ileile inayotumika kwenye redio za mfukoni. Kitufe kikibonyezwa, umeme unapita, kikiachiwa, unakatika. Kwa njia hiyo shavu lingeinuka mahali panapotakiwa ndani ya wimbo. Tatizo lilikuwa moja. Mikono ya Bi Kinanda ilikuwa kwenye kinanda. Nani atabonyeza?

"Mimi nipo," alisema mama mkwe, aliyekuja siku hiyo kujionea. "Kazi ya kidole hainishindi."

Walikubaliana hivi: mama mkwe atakaa kwenye kiti karibu na kinanda, na Bi Kinanda atakapotaka besi, atashusha kisigino cha kushoto. Mama akiona kisigino, anabonyeza. Na wakati huohuo mkwe anavuta kwa nia, kama alivyofundishwa.

"Kwa nini sisi wenyewe tusitazame kisigino?" Mpima Mita aliuliza.

"Mimi niimbe nikitazama miguu ya mke wa mtu?" Dereva alishtuka. "Hapana. Mama abonyeze."

Mama mkwe aliipokea kazi hiyo kama cheo. Alidai mto wa kukalia. Alifika kwenye mazoezi kabla ya wote, na mkoba wake wa siku zote mapajani: ndani yake leso, pipi, miwani asiyoivaa, kisanduku cha kitufe alichokitunza yeye nyumbani, na redio ndogo ambayo hakuwahi kuiacha nyumbani kwa sababu, alisema, hadithi yake ya asubuhi haina desturi ya kumsubiri mtu. Besi waliponong'onezana, aliwaonyesha kile kisanduku.

"Nyamazeni. Nitawafungia maji."

"Samahani, mama."

"Nyinyi ni wangu. Hao wengine ndio wa mkwe wangu."

Kwaya ilirudi kuwa na raha. Kila kisigino kiliposhuka, kidole kilibonyeza, shavu likapanda, na maji yakaja. Lakini binti wa fiziotherapia, aliyekuja kuwatazama jioni moja, hakuwaacha wasahau. Jukwaani hakutakuwa na waya, na wanaoruhusiwa kupanda ni wanakwaya tu.

"Mashine ni ngazi, mama," alimwambia Bi Kinanda. "Watu hawahamii kwenye ngazi."

Kwa hiyo kila mwisho wa mazoezi walitoa vibandiko na kujaribu bila umeme. Shavu lilikaa. Binti aliliwekea kidole akasema avute; akavuta; binti akafumba macho kama anayesikiliza kwa mbali.

"Kuna kitu."

"Kikubwa?"

"Kidogo. Lakini kipo, na juzi hakikuwepo."

Kwa besi waliosimama hatua kadhaa kutoka hapo, kitu hicho hakikutosha. Walisubiri lifti yao na haikushuka.

Siku ya mazoezi ya mwisho, Meneja aliketi safu ya mbele, mikono kifuani. Karani wa Ankara aliketi kando yake na rula ndani ya mkono wa shati, kama mtu anayeficha zawadi mbaya. Binti wa fiziotherapia alisimama ukutani. Utaratibu ulijulikana: wataimba mara moja kwa kifaa, ili kupasha misuli moto, kisha mara moja bila kitu. Hiyo ya pili ndiyo Meneja aliyoijia.

Mama mkwe alirekebisha mto wake. Vibandiko vilikuwa mahali pake. Bi Kinanda akaanza.

"Maji yako wapi?" wanawake waliuliza.

Kinanda kikazunguka. Bi Kinanda aliwasikiliza watu wakipumua, akasubiri, akasubiri tena, kisha akashusha kisigino na kuvuta. Kidole cha mama mkwe kikabonyeza kwa nguvu. Shavu likapanda, si sana, lakini jicho lilijikunja. Sisimizi walikuwa wapole mno siku ile, karibu hawakusikika kabisa, na Bi Kinanda hakuwa na nafasi ya kuwafikiria.

"Yanakujaaa!"

Meneja alijipiga goti kwa furaha. Halafu akakumbuka alichokuja kufanya, akakunja mikono tena. "Vizuri. Sasa bila kifaa."

Binti alibandua vibandiko taratibu, akazikunja waya. Bi Kinanda aliweka vidole kwenye kinanda na kuanza upya, na wanawake wakauliza swali lao. Kinanda kikazunguka. Alilifikiria shavu. Alifikiria viatu vya Meneja vilivyong'arishwa, rula iliyokuwa ikichungulia kwenye mkono wa shati, na tena shavu. Akavuta. Hapakuwa na kitu. Akazungusha wimbo mara nyingine, akavuta kwa nguvu zaidi, mpaka shingo ikamkaza na unyusi wa kulia ukapanda bila ruhusa. Wanawake wawili, wakidhani wameitwa, wakauliza maji yako wapi kwa mara ya pili. Mishipa ya shingo ya Fundi Bomba ilikuwa imemtoka kwa hamu ya kuimba, lakini hakuimba. Kumjibu mtu ambaye hajakuita ni kumdanganya, na besi hawakuwa waongo.

Vidole vya Bi Kinanda vikasimama.

"Samahani," alisema.

Meneja aliinuka polepole. "Umejitahidi, dada yangu. Hakuna hapa asiyeliona hilo." Alimtazama Karani, naye Karani akaichomoa rula kama anayempelekea ndugu yake ankara.

"Njoo mbele, mdogo wangu," Bi Kinanda alimwambia. "Si kosa lako."

Binti alikuwa akipanga vitu vyake. Alikichukua kile kisanduku kutoka mikononi mwa mama mkwe ili akirudishe kwenye mfuko, akasita. Akakipima mkononi. Akafungua kifuniko cha nyuma.

"Mama, betri ziko wapi?"

"Betri gani?"

"Za hiki kifaa."

Mama mkwe alitazama dari. "Zile mbili ndogo?"

"Hizohizo."

"Nimeziazima." Alijikohoza. "Redio ilizimika asubuhi, na hadithi ilikuwa imefika pabaya. Yule mume aliyepotea ndiyo kwanza anagonga mlango! Mngefanya nini nyinyi? Nilikuwa nizirudishe, nikasahau."

"Asubuhi? Kabla hujaja hapa?"

"Kabla hata sijanywa chai." Na ili asiitwe mwongo, aliitoa redio mkobani na kuiwasha. Sauti ya mwanamume ikautangazia ukumbi mzima kwamba kesho kutakuwa na mawingu kiasi.

Mama mkwe aliizima.

"Lakini nilibonyeza!" alijitetea. "Kisigino kiliposhuka, nilibonyeza vizuri sana!"

"Ulibonyeza kisanduku kitupu, mama," binti alisema, na sauti yake isiyopenda kurudia maneno ilianza kutetemeka kwa kicheko. "Hapakuwa na umeme."

Fundi Bomba alikuna kichwa. "Sasa ile mara ya kwanza, nani alituita?"

Wote walimgeukia Bi Kinanda. Alikuwa amelishika shavu lake kama mtu anayeshika mfuko alioukuta na pesa asizozikumbuka.

"Nilishangaa mbona sisimizi wamevua viatu," alisema taratibu. "Nikadhani nimewazoea."

Binti alivuka ukumbi kwa hatua ndefu na kumwekea kidole shavuni. "Vuta."

Akavuta. Hapakuwa na kitu.

"Unalifikiria shavu. Liache. Waite besi."

Bi Kinanda aliwatazama wanaume wake wanne, waliojipanga kushoto kwake, midomo wazi tayari. Chini ya kidole cha binti kitu kilijisogeza, kikapanda, kikashuka.

"Ni wewe," binti alisema. "Si betri, si mama. Mara ya pili uliogopa, ukaanza kulisukuma shavu. Mara ya kwanza ulikuwa unaita watu."

Bi Kinanda alikaa sawa kwenye kiti chake. "Meneja, naomba ukae."

"Nimekaa," alisema Meneja, na kweli alikuwa amekaa.

"Mama, mkoba uwe kimya."

"Umenyamaza."

Wanawake waliuliza maji yako wapi. Kinanda kikazunguka. Safari hii hakuogopa kukizungusha. Alikizungusha kwa raha, kama mpishi anayejua chakula kimeiva na bado hafunui. Alimsikia Meneja akizuia pumzi. Alimwona Karani ameinama mbele, rula imesahaulika mkononi. Kisigino chake kilishuka kwa mazoea, na kidole cha mama mkwe, kwa mazoea pia, kikabonyeza mto. Kisha akawaita.

Shavu halikupanda kama zamani. Lilichelewa, likatetemeka, likainuka kidogo upande wa mdomo, na jicho likajikunja kwa shida kama mzee anayepanda ngazi. Lakini wanaume wale walikuwa wamelisoma shavu hilo kwa miaka, na hawakuhitaji zaidi.

"Yanakujaaa!"

Mtunza ghala alikuja mbio kutoka jengo la pili kuuliza bomba gani limepasuka.

Waliimba mpaka mwisho. Kichwa kilipoinama, Meneja alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Kwaya ni yako," alisema. "Karani, irudishe rula ofisini."

"Kwa furaha kubwa, mzee," Karani alijibu, na akarudi kwenye sauti ya tatu akikimbia nusu njia.

"Na mimi?" mama mkwe aliuliza.

"Wewe, mama, utakuja kwenye mashindano kama mgeni wetu wa heshima," Meneja alimwambia. "Safu ya kwanza."

"Mgeni habonyezi?"

"Habonyezi."

Mama mkwe alifikiri. "Basi nitakuja na redio."

Asubuhi iliyofuata Bi Kinanda alikunywa chai yake. Tone moja tu lilirudi mezani. Alilipangusa kwa kidole, akainua macho, akamtabasamia mama mkwe wake. Upande wa kulia ulitangulia. Wa kushoto ulifuata nyuma yake, umechelewa kidogo, kama besi walivyo siku zote.

Mama mkwe alimchunguza kwa muda mrefu, pande zote mbili.

"Hapo sawa," alisema. "Leo hujanibeza."

Na akamsogezea yai.